Kilo Moja na Nusu

Mtu aliyekatazwa maji huyaona kila mahali. Mkaguzi alikuwa amefikia hatua ya kusikia bomba likifunguliwa nyumba ya tatu na kujua, kwa sauti tu, kama kinachojazwa ni ndoo au sufuria. Alikuwa ameruhusiwa nusu lita kwa siku, na ndani ya hiyo nusu lita ilikuwamo chai, ulikuwamo mchuzi, na yalikuwamo maji ya kumezea vidonge. Yeye alistaafu kazi akiwa na miaka sitini. Figo zake zikamfuata akiwa na sitini na tisa, tena bila kuandika barua. Sasa alikuwa na sabini na mmoja, na siku tatu za kila wiki, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, alilala kwenye kiti cha plastiki ya kijani kwa saa nne, akisafishwa damu na mashine iliyokuwa ikikoroma kumshinda yeye.

Ugonjwa huu una vituko vingi, lakini kilichomchosha kuliko vyote ni miguu. Akikaa, inamwasha kwa ndani, mahali pasipokunika, mpaka ainuke atembee. Basi akawa mtu wa kutembea: sebuleni, koridoni, uani, na kurudi sebuleni. Mkewe alikuwa akimwambia kwamba akiendelea hivyo atawatobolea sakafu.

Jina la Mkaguzi alilipata kazini na halikumtoka. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa mkaguzi wa mizani na vipimo, na wenye maduka walikuwa wakimwona tu mlangoni, mate yanawakauka. Alishakamata sumaku chini ya sahani ya mizani, alishakamata jiwe la mbao lililopakwa rangi ya chuma, alishakamata kopo la kupimia lenye sakafu mbili. Hapakuwa na ujanja wa mizani uliokuwa mgeni kwake, na hakuwahi kupokea hata soda ya mtu. Hilo alilisema mara nyingi, pengine mara nyingi kuliko watu walivyotaka kulisikia.

Ndiyo maana mizani ya umeme ya chumba cha kusafishia damu ilipokufa, na ikatolewa stoo ile ya zamani ya chuma yenye rula na kitelezi, Sista, msimamizi wa chumba, hakuhangaika kutafuta fundi.

"Fundi si huyu hapa," alisema. "Mkaguzi, kuanzia leo hii mizani ni yako. Ukisema iko sawa, iko sawa."

Kila Jumanne asubuhi, kabla mtu hajapanda, Mkaguzi aliweka juu yake mawe mawili ya kilo kumi kumi, akatazama rula inasimama wapi, akagusa skrubu ndogo ya nyuma ikihitajika, kisha akatia sahihi kwenye karatasi iliyoning'inizwa kwa kamba. Si kazi ya mchezo. Katika chumba kile mgonjwa hupimwa akifika, na uzito uliozidi tangu alipoondoka mara iliyopita ndiyo maji yaliyomjaa mwilini. Mashine hupangwa imtoe hayohayo. Rula ikidanganya, mashine nayo inadanganyika.

Sasa, Mkaguzi alikuwa na nafasi ya kupandikizwa figo, na nafasi hiyo ilikuwa nyembamba. Daktari wa figo alikuwa amemweleza yeye na mkewe bila kuzunguka.

"Mzee, kwa umri wako jopo halikubali kirahisi," alisema. "Moyo wako tumeupima, unaweza. Lakini ukishawekewa figo utakunywa dawa kila siku, saa ileile, mpaka mwisho wa maisha yako. Jopo linataka kuona mtu anayefuata masharti. Wiki nne. Mara kumi na mbili. Kati ya siku moja ya mashine na nyingine, usizidishe kilo mbili. Ukizidisha hata mara moja, faili linarudi chini, na mpaka lije lipande tena, sijui moyo huo utakuwa unasemaje."

Mtoa figo alikuwa mkewe mwenyewe, mwenye miaka sitini na sita, aliyekuwa mpishi wa shule ya bweni mpaka alipostaafu. Watoto wao watatu walijitolea mmoja mmoja, na mama yao akawafukuza wote. "Nyinyi bado mnalea," aliwaambia. "Mimi hizi mbili namtunzia nani?" Vipimo vyake vyote vilikubali isipokuwa kimoja: alikuwa na kilo tisini na moja, na madaktari walisema hawamlazi kwenye meza ya upasuaji mpaka ashuke chini ya themanini. Mama yule akaanza kutembea. Kila asubuhi na kila jioni, miezi mitano, viatu vikaisha visigino, na sahani yake mezani ikawa ya mtoto wa chekechea. Hakunung'unika. Alichokisema ni kwamba amepika maisha yake yote, kwa hiyo chakula anakijua, hakina jipya la kumwambia.

Mkaguzi naye alijikaza. Mara ya kwanza, ya pili, ya tano, ya kumi na moja, hakuzidisha hata siku moja. Ikabaki mara moja tu, Jumanne, na jopo lingekaa Alhamisi yake.

Jumapili ile jua lilikuwa kali. Mkewe alikuwa ametoka kutembea. Mkaguzi aliingia jikoni kuchukua kidonge, akafungua friji, na jagi likawa linamtazama. Alikunywa akiwa amesimama, mlango wa friji wazi, bila kuvuta pumzi. Akapumzika. Akanywa tena. Jagi la lita mbili likabaki na kidole kimoja cha maji, na yeye akalijaza bombani mpaka mstari uleule, kwa sababu mkewe ana macho. Halafu akatembea nyumba nzima, mara ishirini, mara thelathini, akitumaini pengine atayatoa kwa jasho.

Hayakutoka. Jumanne asubuhi alifika wa kwanza kama kawaida yake, akaweka mawe, mizani ikawa sawasawa. Akayashusha, akapanda mwenyewe. Jumamosi alikuwa ameondoka na kilo sitini na moja kamili. Kitelezi kilisimama kwenye sitini na nne na gramu mia mbili.

Hakuwaza sana. Ukweli ni kwamba hakuwaza hata kidogo. Mkono ndio uliowaza. Ulikwenda nyuma ya mizani, ukashika skrubu, ukaizungusha kidogo, akapanda tena. Sitini na mbili na gramu mia saba. Kilo moja na nusu zilikuwa zimeyeyuka. Akatia sahihi. Alijiambia kwamba akishuka tu kwenye mashine, saa tano, atairudisha kabla mtu hajajua, na neno "mtu" alilitumia kana kwamba yeye si mmojawapo.

Sista akaja na daftari. "Kilo moja na gramu mia saba," alisoma. "Mkaguzi, kumi na mbili kwa kumi na mbili. Ningekuwa na mgonjwa kama wewe kila kiti, ningeshaota mbawa."

Aliyefuata kupanda alikuwa Mkunga. Huyu alikuwa na miaka sitini na minane na moyo dhaifu, na alikaa kiti cha jirani na cha Mkaguzi mwaka wa pili sasa. Alizalisha nusu ya mji ule, Sista akiwemo, na hakuacha kumkumbusha. Yeye pia alikuwa akisubiri jopo la Alhamisi. Mdogo wake wa kiume ndiye aliyekuwa anamtolea figo. Maji yake aliyapima kwa kifuniko cha chupa, kifuniko baada ya kifuniko, na mtu akimcheka alimwambia kwamba alizoea kazi ya kusubiri taratibu.

"Gramu mia mbili," alisema Sista. Akasogeza kitelezi tena, akainama kutazama. "Mkunga, tangu Jumamosi gramu mia mbili tu? Wewe hunywi kabisa?"

"Nakunywa. Nusu lita yangu naimaliza kila siku, siachi hata tone." Mkunga akacheka. "Leo mizani imeamka na furaha."

Mkaguzi alikuwa anatazama dari. Alisikia Sista akiipanga mashine ya Mkunga imtoe maji kidogo tu, na alijua kwamba kilo moja na nusu ya maji itabaki ndani ya mama yule na itaondoka naye kwenda nyumbani. Angeweza kusema. Mdomo ulikuwa wake. Alijiambia ni siku mbili tu, atavumilia, na akageuza kichwa upande wa ukuta.

Saa tano alishuka amejaa, kifua kizito, pamoja na kizunguzungu. Lakini wagonjwa wa zamu ya pili walikuwa wameshapanga foleni mbele ya mizani, na Sista alikuwa amesimama pale na daftari lake kama nguzo. Mkaguzi akatembea koridoni, akaenda, akarudi. Foleni haikuisha. Akaenda tena, akarudi. Ndipo mkewe akatokea, anahema, uso unang'aa kwa jasho la kutembea, ameshika fomu ya daktari.

"Wanataka uzito wangu wa mwisho," alisema. "Leo leo."

"Usipime leo, mama."

"Kwa nini?"

"Umechoka."

"Nimetembea miezi mitano ili nichoke. Nishikie viatu."

Akavua viatu, akavua mtandio, akavua hata saa ya mkononi, akapanda. Kilo sabini na tisa na gramu mia mbili. Yule mama, mwenye wajukuu saba, alimkumbatia Sista akamnyanyua. Njia nzima ya kurudi nyumbani alimshika mumewe mkono, akimpangia watakavyokunywa chai baada ya upasuaji, vikombe viwili viwili, na Mkaguzi alikuwa akiitikia, viatu vya mkewe vikiwa bado vimemganda machoni.

Jumatano alienda mpaka geti la hospitali. Mlinzi akamtazama. "Mzee, leo si zamu yako." Mkaguzi akasema amepotea siku, akageuka, akarudi kwa miguu. Mchana akatoka tena, akafika njia panda, akarudi. Ndani ya chumba kile kulikuwa na wagonjwa wengine wa Jumatano wanapanda mizani ileile mmoja mmoja, na yeye alikuwa anawahesabu kichwani.

Alhamisi aliwahi kumzidi hata mfagiaji. Akaweka mawe mawili. Mizani ikasema kilo kumi na nane na nusu. Akazungusha skrubu mpaka ikasema ishirini. Akatoa pumzi. Akajiambia yamekwisha, hakuna aliyeumia, na kuanzia leo hatagusa tena chuma kile hadi anakwenda kaburini.

Kilichomponza Mkaguzi ni kwamba alikuwa na haraka, na mwenye haraka hapigi hesabu mpaka mwisho. Wagonjwa wote wa Jumanne waliondoka na kilo moja na nusu za maji ambazo mizani haikuziona. Leo mizani ilikuwa imefumbuka macho.

"Kilo tatu," alisema Sista kwa mgonjwa wa kwanza, fundi baiskeli mmoja mnyamavu. "Tatu na mia mbili," kwa wa pili. "Mbili na mia nane, Mkaguzi, hata wewe. Bahati yako daftari la jopo lilifungwa Jumanne." Alipofika wa tano akaweka kalamu chini. "Jamani, kulikuwa na harusi? Wote mmekunywa kisima kimoja?"

"Mimi sikunywa," alisema fundi baiskeli.

"Kila mtu hakunywa. Maji yanawarukia wenyewe." Sista akageuka. "Mkaguzi, hebu njoo uhakiki hii mizani mbele yao, wasije wakasema nimewaonea."

Chumba kizima kikamtazama. Mkaguzi akainua jiwe la kwanza, akaliweka. Akainua la pili. Rula ikapanda, ikashuka, ikatulia kwenye ishirini, wala haikutikisika.

"Iko sawa," alisema.

Katika maisha yake alishasema maneno hayo maelfu ya mara, na hakuna siku yalipokuwa kweli kiasi hicho na uongo kiasi hicho. Fundi baiskeli aliinamisha kichwa akaenda kwenye kiti chake, na uso wake ulikuwa wa mtu anayejiuliza kama kweli amekunywa.

Ndipo Mkaguzi alipoona kwamba kiti cha jirani yake ni kitupu.

"Mkunga yuko wapi?"

"Usiniulize," alisema Sista, akimchoma sindano ya mkono. "Jana jioni ameletwa anahema kama samaki aliyetolewa majini. Maji yamejaa kwenye mapafu. Yuko wodini kwenye oksijeni. Jumanne kaondoka hapa mkavu kabisa, kati ya hapo na jana atakuwa amekunywa lita mbili au zaidi. Na anaapa hajanywa. Mtu aliyenizalisha mimi ananiapia uongo." Sauti yake ilikuwa na hasira, lakini macho yalikuwa yameloa. "Nimeandika. Ningefanyaje? Kazi ni kazi."

Saa nne kwenye kiti, umefungwa kwa mirija miwili, huwezi kuinuka. Miguu ya Mkaguzi ilianza kwenye vifundo, ikapanda magotini, ikawa inaruka yenyewe chini ya shuka. Kiti cha pili fundi baiskeli alikuwa anatolewa maji mengi kwa haraka, na misuli ya miguu ilimkaza mpaka akauma shuka. Wauguzi wawili wakawa wanamkanda. Mkaguzi aliyaona yote hayo na hakuwa na pa kwenda. Alifikiria figo ya mkewe. Alifikiria kikombe cha maji, kikubwa, kilichojaa mpaka juu, ambacho mtu anakinywa bila kukipima. Alikitaka. Kuna watu husema ukishazeeka hamu ya kuishi inapungua. Mkaguzi alikuwa na sabini na mmoja, na hamu yake ilikuwa inampiga mateke chini ya shuka.

Saa nane mchana waliitwa ghorofani, yeye na mkewe. Jopo lilikuwa daktari wa figo, daktari wa upasuaji, afisa wa ustawi wa jamii, na Sista na madaftari yake. Mkewe alikuwa amevaa gauni ambalo miezi mitano iliyopita halikuwa likifungika.

"Mzee," alisema daktari wa figo, "nakiri sikutarajia. Kumi na mbili kwa kumi na mbili. Na mama hapa, sabini na tisa na mia mbili. Mimi nimeshindwa kupunguza kilo mbili mwaka mzima." Watu wakacheka. "Tuna nafasi ya chumba cha upasuaji Jumatano ijayo. Tulikuwa na wazee wawili, nyinyi na mwingine. Huyo mwingine tumemwondoa."

"Mkunga?" aliuliza mkewe. "Kwa nini?"

Daktari alisita, kisha akasema, kwa kuwa chumba kizima cha chini kilikuwa kinajua. "Amekunywa na anasema hajanywa. Basi ama anatudanganya, ama anasahau. Kwa umri ule mimi nadhani anasahau. Yote mawili hayatufai. Mtu asiyekumbuka kikombe cha maji hatakumbuka dawa." Akasogeza karatasi mbele. "Saini hapa, mzee."

Mkaguzi akashika kalamu. Mguu wa kulia ukaruka ukagonga meza, glasi ya daktari ikatikisika. Akaandika herufi ya kwanza ya jina lake, akasimama hapo. Kisha akainuka, kwa sababu kukaa alikuwa hawezi tena.

"Hakunywa," alisema.

"Nani?"

"Mkunga. Mimi ndiye niliyekunywa, Jumapili. Asubuhi ya Jumanne nikageuza skrubu ya mizani, ikapunguza kilo moja na nusu. Wote waliopanda siku ile na jana walipimwa pungufu, wakaenda nyumbani na maji yao. Leo alfajiri nikairudisha. Ndiyo maana wote wameonekana wamezidi."

Sista alikuwa wa kwanza kuelewa, na alielewa kwa mkono: aliushika mdomo wake.

"Umeniambia iko sawa," alisema. "Asubuhi hii. Mbele ya watu."

"Ilikuwa sawa asubuhi hii."

"Sista, wapigie wa Jumatano wote," alisema daktari, sauti yake imebadilika. "Sasa hivi. Yeyote anayehema aje leo, asisubiri kesho." Sista akatoka mbio, akaacha madaftari mezani.

Mkewe alikuwa hajamtazama. Alikuwa anatazama fomu yake mwenyewe.

"Jumanne hii?" aliuliza. "Nilipopanda mimi?"

"Ilikuwa hivyohivyo, mama."

"Ulikuwa umenishikia viatu."

"Ndiyo."

Akaikunja fomu mara mbili, polepole, akaitia kwenye mkoba. Mkaguzi alitamani amtukane. Katika miaka arobaini na mmoja ya ndoa walishatukanana vizuri tu kwa mambo madogo, na hili kubwa likawa halina hata neno.

Daktari aliongea kwa muda mrefu. Faili la Mkunga litarudi mezani akitoka kwenye oksijeni. La Mkaguzi linaanza upya: miezi mitatu ya kupimwa, na moyo nao unapimwa upya. "Sikufukuzi," alimaliza. "Ila sikuahidi kitu. Miezi mitatu kwa umri wako ni mingi, na wewe unajua kuliko mimi hapa ni nani wa kulaumiwa." Mkaguzi alisema anajua.

Walishuka ngazi bila kushikana. Mkewe akaenda moja kwa moja chumba cha kusafishia damu, akavua viatu mwenyewe, akavipanga ukutani, akapanda kwenye mizani. Sista, simu imebanwa begani, akasogeza kitelezi. Mkaguzi alibaki mlangoni.

"Themanini na gramu mia saba," alisema Sista kwa sauti ya chini.

Mama akashuka, akavaa viatu. "Gramu mia saba," alisema. "Hizo mwisho wa mwezi zitakuwa zimekwisha. Na hiyo figo utapewa, nilishasema na sirudi nyuma." Akafunga kamba za viatu kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Lakini usinipangie tena lini nimechoka. Haya, twende wodini."

"Sista atamwambia."

"Sista hakugusa skrubu."

Wodi ilikuwa mwisho wa koridoni, na kwa mara ya kwanza Mkaguzi aliona ni fupi. Mkunga alikuwa ameegemeshwa mito mitatu, mrija wa oksijeni puani, amepungua ghafla, amekuwa mdogo. Mdogo wake, mwanamume wa miaka hamsini na kitu, alikuwa amekaa pembeni ameshika mkoba wa dada yake mapajani. Mkunga alikuwa anahesabu vidole.

"Afadhali umekuja wewe mtu wa vipimo," alisema alipomwona, maneno yakitoka mawili mawili kwa kukosa pumzi. "Nisaidie hesabu. Jumanne mchana vifuniko kumi. Jioni kumi na tano, na chai. Jumatano asubuhi kumi. Mimi napata pungufu ya lita. Wao wanasema lita mbili na zaidi. Basi hizo nyingine nimezinywa lini?" Akashusha sauti. "Nadhani nainuka nakunywa halafu sikumbuki. Mama yetu alianza hivyohivyo. Nimemwambia huyu achukue funguo za nyumba, asiniache na jiko. Na figo yake abaki nayo tu, asimpe mtu ambaye kichwa kimeshaondoka."

Mdogo wake alikuwa anatazama sakafu, na kwenye kidole chake kulikuwa na pete ya funguo.

Mkaguzi alimwambia. Hakukaa, alisimama miguuni pa kitanda, akasema yote: jagi, skrubu, dari aliyoitazama, na ile asubuhi ya mawe mawili. Alisubiri atukanwe. Mkunga alimkazia macho, oksijeni ikifoka puani mwake.

"Sema tena," alisema.

"Niligeuza skrubu ya mizani, nikai..."

"Hiyo nimesikia. Hiyo utajibu kwa Mungu wako. Sema ile nyingine. Kuhusu mimi."

"Hukunywa," alisema Mkaguzi. "Hesabu yako ni sahihi. Hujasahau kitu."

Mkunga akafumba macho. Machozi yakamtoka, yakapita pembeni ya mrija, na hakuyafuta. Akanyoosha mkono, akamshika mdogo wake, akamwelekeza kwa Mkaguzi kama anavyoelekezwa mtoto.

"Mwambie na huyu," alisema. "Polepole, asikie."

Mkaguzi akamgeukia yule mwanamume, akamwambia.

"Tena," alisema Mkunga.